Kennedy au Wycliffe? Mtoto yuko njiani

BabaMpya: Wakuu habari zenu. Skani imesema ni kijana, mke anajifungua mwezi ujao. Mimi nataka Kennedy, yeye Wycliffe, na kwa nyumba hatuskizani. Nisaidieni.

Nyuki_Kisumu: Na jina la mwisho? Utachaguaje la kwanza na hatujui litakaa na lipi. Na babu zake wanaitwa nani?

MwlTina: Yote mawili yalianza kama majina ya ukoo. Kennedy ni Ó Cinnéide ya Waayalandi, yaani wa uzao wa Cinnéide. Huku kwetu lilipendwa kwa sababu ya yule rais wa Marekani, John F. Kennedy, mfuko wa familia yake ulitoa dola 100,000 mwaka 1960 za kupeleka wanafunzi Marekani kwa ndege, ile mipango ya Tom Mboya, halafu akauawa Novemba 1963, siku 20 tu kabla ya uhuru wetu. Darasani kwetu tulikuwa na akina Ken watatu.

Nyuki_Kisumu: Hata babake Obama alipelekwa na hizo pesa.

MwlTina: Hapana ndugu, yeye alifika Hawaii 1959. Pesa za Kennedy zilikuja mwaka uliofuata.

Mwana_wa_Mumias: Wycliffe bila kufikiria mara mbili! John Wycliffe alitaka mtu wa kawaida asome Biblia kwa lugha yake. Alikufa 1384, na 1428 wakafukua mifupa wakaichoma, majivu wakamwaga mtoni. Huku Magharibi tunalienzi, angalia wanasiasa wetu, Wycliffe Mudavadi, Wycliffe Oparanya.

KenN2: Mimi naitwa Kennedy na nimeteseka. Kwa cheti cha kuzaliwa karani aliandika Kenedy, n moja, shuleni wakaandika mbili, cheti cha fomu foo kikatoka na mbili, kufika kuchukua kitambulisho naambiwa hawa ni watu wawili. Nikaenda kwa wakili nile kiapo, nikarudi naambiwa muhuri hauonekani vizuri, nikarudi tena karani hayuko, nauli kila siku, na kazi niliyokuwa nimeitiwa ikapewa mwingine. Simama hapo dirishani usome herufi moja moja kabla hajapiga muhuri. Na Wycliffe ni mbaya zaidi, nimeona Wyclif, Wickliffe, Waiklifu.

Dada_Ughaibuni: Huku Marekani Kennedy siku hizi ni la wasichana zaidi.

Mwana_wa_Mumias: Mtoto anazaliwa Kenya dada, ya huko yanatuhusu nini.

BabaMpya: Samahani nilisahau, jina la mwisho ni Wilson. Ndilo jina la kwanza la marehemu baba.

MwlTina: Ona sasa. Wilson nalo lilikuwa la ukoo, mwana wa Will, babako akapewa kama la kwanza, na kwako limerudi kuwa la ukoo.

Nyuki_Kisumu: Kumbe babu yupo! Mwite Wilson basi, kwetu mzee aliyeondoka hawezi kurukwa hivihivi.

BabaMpya: Mama amesema hivyohivyo jana, akalia. Mke hajajibu.

Jakson_bila_c: KenN2 hicho kiapo ulilipia ngapi? Yangu ndio nimeanza wiki hii.