Naombeni ushauri: mboga za kuoka nilizogandisha kwa ajili ya sikukuu

Sufuria Mbili (mleta uzi)
Habari zenu wadau. Sikukuu imebakiza siku nne na nina wageni kumi na wanne. Nimeona mboga niziandae mapema ili siku yenyewe nisishinde jikoni: brokoli, koliflawa, karoti na uyoga, ndani ya sosi nyeupe ya maziwa na jibini. Ziko friza, trei mbili. Swali langu ni dogo tu: niziingize kwenye oveni zikiwa zimeganda au niziyeyushe kwanza? Dakika ngapi? Tangu juzi silali vizuri, nisaidieni mapema.

Mama Pacha
Kabla ya dakika, sosi uliikoleza kwa unga gani? Maana sosi ya unga wa ngano ikigandishwa huachana, ukiyeyusha unakuta maji huku na madonge kule. Unga wa mchele wa kunata ndio unaovumilia friza. Mimi nilihangaika miaka nikidhani maziwa yangu ni mabaya, kumbe unga. Haidhuru mtu, lakini mezani inatia aibu.

Kijiko Kirefu
Chombo ni cha nini? Hapo ndipo pa kuanzia. Nilitoa bakuli la kioo friza nikalisukuma moja kwa moja kwenye oveni iliyokwisha kupata moto. Halikufika hata dakika tano, nikasikia "ta!" kama fimbo kavu ikivunjika. Nilipofungua, kipande kimoja kilikuwa kimesimama katikati ya karoti, kinang'aa, ungedhani barafu. Nilimwaga chakula chote. Tangu siku hiyo natandika foili kwenye bakuli, nagandisha, kikishakuwa jiwe nakitoa na foili yake, bakuli linabaki huru.

Mlinda Meza
Zamani chakula cha wageni kilipikwa siku ya wageni. Mgeni aliona moshi akajua anathaminiwa. Sasa kila kitu friza, hata upendo tutaugandisha.

Mama Pacha
Mkuu, anayepikia watu kumi na wanne peke yake ndiye anayewathamini. Tujibu swali.

Fundi Oveni
Dada, trei nene ihamishie friji siku moja kabla, iyeyuke taratibu humo humo, si mezani. Kisha oveni nyuzi 180 za Selsiasi. Ukiiingiza ikiwa imeganda inawezekana, ila muda huongezeka kama nusu yake, na pembeni hukauka kabla katikati haijapata moto. Usidanganywe na povu la pembeni: chomeka kipimajoto katikati kabisa, kisome 74. Chenga za mkate weka dakika za mwisho, ukizigandisha na sosi zinakuwa uji.

Sasa nami nikuulize. Mboga ulizipitisha kwenye maji ya moto kwanza? Na kabla ya friza zilipoa vipi? Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya dakika za oveni.

Sufuria Mbili
Asante sana Fundi. Ndiyo, brokoli na koliflawa dakika tatu kwenye maji yanayochemka, karoti dakika mbili, kisha maji ya barafu. Trei ni za foili. Zilipoa mezani.

Fundi Oveni
Mezani muda gani?

Sufuria Mbili
Muda wa kawaida wa kupoa.

Fundi Oveni
Masaa mangapi, dada yangu?

Sufuria Mbili
Nilimaliza saa nne usiku. Ilikuwa ya moto sana, na siku zote nimeambiwa chakula cha moto hakiingii friza, kinaharibu vya wenzake. Nikaiacha ipoe, nikajilaza kidogo. Kushtuka ni saa moja asubuhi. Nikaifunga nikaiweka. Lakini haikuwa na harufu yoyote, nilionja, ilikuwa tamu na sikuumwa. Na si itapita tena kwenye moto mkali? Nyuzi 74 mmesema wenyewe. Isitoshe jibini lote aliyenunua ni wifi yangu, ana mimba ya miezi saba, amekuwa akiiulizia hiyo sahani tangu mwezi uliopita. Siwezi kumwambia nimeimwaga.

Fundi Oveni
Masaa tisa. Mwisho ni masaa mawili. Sosi ya maziwa ikikaa katikati ya nyuzi 4 na 60, bakteria huzaana humo, na friza haiwaui, inawalaza tu. Moto utawaua wenyewe, ila wengine wanakuwa wameshaacha sumu yao kwenye chakula, na sumu ya Staphylococcus aureus haiondoki kwa kupashwa moto. Haina harufu wala ladha, kwa hiyo ulimi wako hauwezi kukupa ushahidi. Kwa hali aliyonayo wifi yako, usijaribu.

Kijiko Kirefu
Mimi nimekula viporo vya kulala mezani maisha yangu yote na niko hapa naandika.

Fundi Oveni
Wewe huna mimba, mkuu.

Jicho Kavu
Wadau, hii ni chai. Someni tena. Mwanzo trei ni mbili na swali ni dakika. Sasa "ilikuwa ya moto", "nikaifunga", imekuwa moja. Trei ya pili imeenda wapi? Na mtu aliyejua mambo ya dakika tatu na maji ya barafu anaachaje sosi mezani usiku kucha? Kila sikukuu ikikaribia anatokea mtu na wifi mjamzito. Tunachoshwa bure.

Mama Pacha
Hata mimi hapo kwenye trei nilisita. Dada, tueleze.

Mlinda Meza
Uongo na chakula cha friza ni ndugu.

Sufuria Mbili
Si chai, Jicho Kavu. Naandika nikiwa nimesimama mbele ya friza. Trei ya kwanza ndiyo iliyolala mezani. Ya pili niliipika asubuhi yake, nikaiweka kwenye beseni la maji ya barafu, nusu saa ikapoa, ikaingia friza. Hiyo haina tatizo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mniambie moto unatosha, yaishe. Trei zinafanana, foili ileile, sosi ileile, sikuandika chochote juu. Nilipanga vitu upya jana kupata nafasi ya nyama. Sijui tena ipi ni ipi.

*

Kijiko Kirefu
Dah.

Mama Pacha
Ndiyo maana hulali. Pole sana mwaya.

Jicho Kavu
Mimi bado sijaamini yote. Lakini kama ni kweli, hakuna cha kuchagua hapo. Zote mbili nje.

Fundi Oveni
Nakubaliana naye. Usizifungue kutafuta dalili, hutaiona. Na wifi mwambie ukweli, atakayekasirikia jibini leo ni yule yule atakayekushukuru.

Siku nne zinatosha, wala friza huihitaji. Pika upya siku mbili kabla, weka friji nyuzi 4 au chini yake. Hapo hata sosi ya ngano haitaachana kwa kuwa haijaganda. Ugawe kwenye trei za kina kifupi, ziweke kwenye beseni la barafu, moshi ukiisha funika uingize friji, usisubiri ziwe baridi kabisa.

Sufuria Mbili
Nimempigia wifi. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama uyoga bado ninao. Ninao. Atakuja kesho kutwa jioni na jibini lingine, tupike wawili.

Trei zimeshatoka. Nimenunua na kalamu ya wino mzito. Fundi, foili inashika wino au nibandike karatasi?

Mama Pacha
Karatasi na gundi huachia kwenye baridi. Andika kwenye foili kabla hujafunga, ikiwa kavu. Tarehe na saa.