Kiwanda cha kamba za mkonge kimekosa wanunuzi: Serikali isaidie vipi?

Mwana wa Pongwe
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Nina miaka 11 katika kiwanda kimoja cha kamba za mkonge mkoani Tanga, na tangu mwaka jana tunafanya kazi zamu moja badala ya tatu, kwa kuwa wateja wa nje waliozoea kufungia marobota ya nyasi kwa kamba zetu wamehamia kamba za plastiki. Ghalani mizigo imepangwa hadi karibu na bati, na ile ya chini imeanza kubadilika rangi kwa unyevu. Uongozi umeiomba Serikali idhamini mkopo wa benki. Je, huo ndio msaada unaotufaa?

Mstaafu wa Korona
Pole sana, mwanangu. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kamba za plastiki zilipoenea, bei ikaporomoka na mashamba mengi yakageuka vichaka. Kiwandani kwetu tulipewa mkopo wa namna hiyo hiyo. Ulilipa mishahara ya miezi minane, kisha tukarudi palepale, safari hii tukiwa na deni. Mkopo hauleti mnunuzi.

Mchumi Korogwe
Nakubaliana na mzee, ila niongeze jambo moja ambalo naliona zito zaidi. Kilichopungua ni mahitaji ya kamba, wala si ya mkonge wenyewe: singa ghafi inanunuliwa China na Saudi Arabia, ambako hutumika pia kuimarisha jipsamu, na hata mafundi wa dari hapa nchini wanaifuata. Maana yake kiwanda kinagombania malighafi na wanunuzi wa nje huku bidhaa yake ikikosa soko, na dhamana ya mkopo haigusi hata upande mmoja wa tatizo hilo. Wakati huo huo tunaagiza magunia ya juti kutoka Asia kwa ajili ya korosho. Serikali ikitoa fedha, izifunge kwenye mitambo ya kufuma magunia, pamoja na mkataba wa ununuzi wa miaka kadhaa. Na kwa kuwa gunia la mkonge kwa kawaida ni ghali kuliko la juti, tofauti hiyo ibebwe na Serikali, asibebeshwe mkulima wa korosho.

Mkulima wa Magoma
Msitusahau sisi wa shambani. Mkonge husubiriwa karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na jani likishakatwa lazima lifike korona, yaani mtambo wa kutoa singa kwenye majani, haraka, la sivyo singa inaharibika. Mkataba huo utaje pia bei ya singa.

Mwana wa Pongwe
Shikamoo mzee, na ninawashukuru nyote. Jumatatu tuna kikao cha wafanyakazi na uongozi. Nitaomba kwanza tuoneshwe mkopo huo umepangiwa kazi gani, kisha nitapeleka hoja ya magunia pamoja na ya bei ya singa.