Nisea 325: "mwenye umungu mmoja na Baba" ulikuwa unakataa nini hasa?

Mwalimu_Kipaimara
Wakuu, salaam. Naandaa vipindi vya Kanuni ya Imani na nimekwama kwenye mstari wa "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Swali la wanafunzi ni hili: ikiwa Mungu ni mmoja, na Yohana 17:3 inamwita Baba "Mungu wa pekee wa kweli", je, mstari huu hauongezi mungu wa pili? Halafu, ni kweli kwamba maaskofu wa mtaguso wa Nisea walipiga kura Yesu awe Mungu, na kwamba ugomvi wote ulikuwa wa herufi moja ya Kigiriki? Nataka kujua Ario, padri ambaye mtaguso huo ulimpinga, alisema nini mwenyewe, si alichosingiziwa.

Msoma_Mababa
Ndugu mwalimu, anza na jambo ambalo wengi hulificha: Ario alijiona mtetezi wa umoja wa Mungu. Ukimfundisha kama mtu aliyemdharau Yesu tu, darasa halitaelewa kwa nini alipata maaskofu wa kumuunga mkono.

Alikuwa padri wa Aleksandria, na mvutano wake na askofu wake Aleksanda ulianza mnamo 318. Alijenga hoja hivi: Mungu ni yule pekee asiye na chanzo, Mwana ana chanzo, maana amezaliwa, basi Mwana yuko upande wa viumbe, hata kama ni wa kwanza na bora kuliko vyote, na vingine vyote viliumbwa kupitia kwake. Kauli yake maarufu hutafsiriwa "kulikuwa na wakati ambapo hakuwako", lakini neno "wakati" halimo katika Kigiriki chake. Yeye alikiri kwamba Mwana yuko kabla ya nyakati zote. Kwa hiyo ukimjibu kwamba Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu, hujamjibu chochote.

Kuhusu herufi moja: ipo, ila si ile inayotajwa mitaani. *Agenetos* ni asiye na mwanzo wa kuwako. *Agennetos*, yenye n mbili, ni asiyezaliwa. Maneno haya yalichanganywa ovyo, na hoja ya Ario ilipita hapohapo: kama Baba pekee ndiye asiyezaliwa, basi yeye pekee ndiye asiye na mwanzo. Nisea ikakata katikati: Mwana amezaliwa, lakini kuzaliwa huko si kuanza kuwako. Ndiyo maana ya "aliyezaliwa bila kuumbwa". Anayezaa hutoa kilicho sawa naye. Anayeumba hutoa kisicho yeye.

Kura? Maaskofu walikuwa kati ya 200 na 300. Ile idadi ya 318 ya mapokeo inalingana na watu wa Abrahamu katika Mwanzo 14:14. Waliokataa hadi mwisho ni wawili, Sekundo wa Ptolemai na Theona wa Marmarika. Tena swali halikuwa kama Yesu ni Mungu au mtu tu. Hata Ario alimwita Mungu. Waligombania maana ya neno hilo.

Kigiriki_na_Biblia
Naongeza upande wa maandiko, maana ndipo vita vilipopiganwa.

Mithali 8:22, ambapo Hekima, iliyoeleweka kuwa Mwana, inazungumza, ilikuwa silaha kubwa ya Waario. Darasa likisoma Union Version, "BWANA alikuwa nami katika mwanzo wa njia zake", halitaona tatizo liko wapi. Biblia ya Kigiriki iliyokuwa mikononi mwa pande zote mbili ilisema "aliniumba". Kitenzi cha Kiebrania ni *qanah*, kupata au kumiliki. Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyewapinga Waario, hakukimbilia Kiebrania. Alikubali neno "aliniumba" na kusema linahusu ubinadamu ambao Neno aliutwaa.

Kolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote": usiishie hapo, aya ya 16 inasema vitu vyote viliumbwa katika yeye. Soma pia Zaburi 89:27, ambapo Daudi, kitindamimba wa Yese, anafanywa mzaliwa wa kwanza. Ni cheo.

Kwa swali la Yohana 17:3, nenda 1 Wakorintho 8:6. Paulo anachukua Kumbukumbu 6:4, ungamo la Israeli kwamba BWANA, Mungu wetu, ni mmoja, na kuligawa ndani kwa ndani: "Mungu" ni Baba, "Bwana" ni Yesu Kristo, na vitu vyote vimekuwako kwa huyo Bwana. Hamuweki Yesu pembeni ya Mungu mmoja. Anamweka ndani ya ungamo lenyewe. Na tafadhali usijenge hoja juu ya 1 Yohana 5:7. Maneno ya mashahidi watatu mbinguni hayamo katika nakala za kale za Kigiriki.

Hoja ya Atanasi ninayoiona nzito kuliko zote ni ya ibada. Wakristo walikuwa wakimwabudu Kristo na kubatiza kwa jina lake. Akiwa kiumbe, wanaabudu kiumbe. Ario aliyetaka kulinda Mungu mmoja anabaki na mkubwa na mdogo, wote wakiabudiwa.

Fundi_Istilahi
Tahadhari moja. Usisome 325 kwa macho ya 381, mwaka wa Mtaguso wa Konstantinopoli uliofuata. Laana iliyofungwa mwishoni mwa kanuni ya Nisea inatumia *ousia* (uwapo au asili) na *hypostasis* (neno ambalo baadaye lilitumika kwa nafsi) kama kitu kimoja, kwa hiyo aliyesema "hypostasis tatu" alionekana mzushi. Sinodi ya Aleksandria ya 362 ndiyo iliyowasikiliza watu kwanza wanamaanisha nini. Neno *homoousios*, lile la "mwenye umungu mmoja", nalo liliogopwa kwa kuwa lilinukia Usabelio, yaani Mungu mmoja anayebadili sura. Na *homoiousios*, "wa asili inayofanana", yenye herufi iota, ile herufi moja inayotajwa mitaani, ilipata nguvu mnamo 358, si Nisea.

Kwenye mifano kuwa mkali. Maji, barafu na mvuke ni Usabelio mtupu. Mafiga matatu na chungu kimoja ni miungu mitatu inayosaidiana. Baki na "mwanga kwa mwanga": jua halijawahi kuwako bila mng'ao wake.

Mwalimu_Kipaimara
Asanteni sana. Je, Waethiopia waliokataa mtaguso wa Kalkedoni wako upande wa Ario?

Msoma_Mababa
Hapana kabisa. Kalkedoni, 451, iliuliza swali jingine: huyo aliye Mungu kweli na mtu kweli, umungu na ubinadamu wake vimeunganaje? Wao wanafuata kauli ya Kirili wa Aleksandria, asili moja ya Neno aliyefanyika mwili, na *tewahedo*, neno lililo katika jina la kanisa lao, maana yake ni kuunganishwa kuwa kimoja. Kuhusu Ario, askofu wao wa kwanza Frumensio aliwekwa wakfu na Atanasi mwenyewe. Mnamo 356 Kaizari Konstansio wa Pili, aliyewapendelea wapinzani wa Atanasi, aliwaandikia watawala wa Aksum, Ezana na Sazana, wamrudishe Frumensio Misri akahojiwe imani yake. Barua hiyo ipo hadi leo kwa sababu Atanasi aliinakili katika utetezi wake.