Jongoo wa Karura: aachwe msituni au aletwe nyumbani?

MWANZILISHI: Wandugu, mvua ikinyesha na watu wakienda kutembea msitu wa Karura au wa Ngong, hapa Nairobi, hakosekani mmoja wa kurudi na jongoo kwenye mkebe. "Ni wa mtoto," husema. Napinga, na niko tayari kupingwa.

Kwanza, ni jongoo gani? Wengi hukimbilia kusema ni yule mkubwa wa Afrika anayepita sentimita 30. Rangi na urefu havitoshi. Mgeuze taratibu: karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu. Tandu ana jozi moja, naye huuma. Jongoo dume, ukifika pingili ya saba, utaona pengo. Miguu ya hapo imegeuka kuwa viungo vya uzazi. Viungo hivyo ndivyo wataalamu huvichunguza kwa hadubini ili kutofautisha spishi. Picha ya simu itakupa kundi lake, si jina kamili.

Pili, malezi. Chakula chake ni majani na miti iliyooza, si sukuma wiki peke yake. Anahitaji udongo wenye kina na unyevu ili ajizike anapojibambua, yaani anapovua ngozi ya zamani. Wakati huo mwili wake ni laini, hasogei. Mtu hudhani amekufa, anamfukua, na hapo ndipo anamuua kweli.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Dadangu, mtoto wa ghorofa ya tano mtaa wa Pipeline udongo atauona wapi? Tumekuzwa na "tupa jongoo na mti wake", tukaponda kila kinachotambaa. Akimlea mmoja, atajifunza huruma. Msitu hautapungukiwa na jongoo mmoja.

MCHANGIAJI WA PILI: Na sheria je? Ile ya Kenya ya wanyamapori ya 2013 haiangalii ukubwa wa mnyama. Mei 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, waliokamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Wale walikuwa na maelfu, najua, si sawa na mtoto na mkebe wake. Lakini nani ataweka mpaka, na wapi?

MWANZILISHI: Kaka wa Pipeline, hoja yako ya huruma naikubali kabisa, ndiyo maana nasema mpeleke mtoto kwa jongoo. Nendeni Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, mwinue gogo lililooza, jongoo atembee kiganjani mwake. Akitoa yale maji yake ya kujikinga, yanaacha doa la kahawia na huchoma macho, kwa hivyo mtoto asijifute uso kabla ya kunawa. Kisha mlirudishe gogo lilivyokuwa, kwa sababu chini yake kuna wengine.

Kuhusu huyo "mmoja": makundi ya matembezi yako njiani kila wikendi, na kila kundi lina mmoja wake.

Aliye naye tayari, na bado yu hai, amrudishe palepale alipomtoa. Asimwachilie kwenye bustani ya mtaa. Anayeona nimekosea kwa hili la mwisho aseme, maana najua wapo wanaowaachilia kwenye mboji zao.