Naomba ushauri: nalazimishwa kununua sabuni ili nipate unga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina duka la rejareja Wete, na unga wa ngano huuchukua kwa muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam, ambaye tangu mwezi uliopita hanipi hata polo moja mpaka ninunue na katoni za sabuni, ambazo wateja wangu hawazitaki. Nimemwomba kwa simu, kisha kwa barua, hakujibu. Anayeumia mwisho ni mnunuzi, na hilo linanisikitisha sana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ni ya Tanzania Bara, nasi Zanzibar tunayo yetu ya 2018. Je, malalamiko niyapeleke Tume ya Ushindani ya huku au ya Bara? Na risiti zenye bidhaa zote mbili zinatosha kuwa ushahidi?