Naomba ushauri: mwenzetu katolewa chumbani kwa sababu anapenda wanaume wenzake

Wakuu, habari zenu. Mimi ni kiongozi wa wanafunzi chuoni, nasimamia malazi. Wiki iliyopita nilimkuta mwenzetu ameketi juu ya begi lake kwenye korido, godoro limeegemezwa ukutani. Wenzake wa chumba walisoma meseji kwenye simu yake, wakajua, wakamtoa. Mlangoni wameandika tusi kwa wino mzito.

Nimemtafutia chumba kingine, lakini naona kama yeye ndiye aliyeadhibiwa, maana waliomtoa bado wanalala pale pale. Akitaka kushtaki, fomu inadai jina na maelezo yote, na anaogopa habari zitafika kwao. Mhadhiri mmoja akaniambia huo ni ugonjwa, atibiwe. Iliniuma sana, kwani Shirika la Afya Duniani lilishaliondoa jambo hilo kwenye orodha ya magonjwa tangu 1990.

Mliowahi kushughulikia kesi kama hii, malalamiko mliyapokeaje bila kumwanika mlalamikaji? Na kanuni za chuo mliziandikaje hadi ubaguzi dhidi ya wanafunzi wa LGBTQ (wanaopenda jinsia yao, wanaopenda jinsia zote mbili, wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyopewa walipozaliwa, na wengineo) ukatajwa waziwazi, usifichwe ndani ya “utovu wa nidhamu”? Mitihani imekaribia, naye siku ya 4 leo hajaingia darasani.