Naomba ushauri: nichore vipi katikati ya kazi na malezi?

Penseli Butu (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam. Nimeajiriwa katika uhasibu, nina watoto wawili wanaohitaji kusimamiwa tangu wanapoamka hadi wanapolala, na mwenzangu naye ni mwajiriwa. Nimekuwa nikichora tangu nikiwa shuleni, na sasa ninalo lengo moja: mfululizo wa picha za mikono ya watu wakiwa kazini, yaani mkono unaoshona, mkono unaofunga mzigo, mkono unaosahihisha daftari. Kichwani picha hizo zimekwisha kamilika, lakini kwenye karatasi hazisogei.

Siwezi kusema kwamba sina muda kabisa. Napata robo saa hapa na nusu saa pale, ila kipande hicho huishia katika kutoa rangi, kuchota maji, kuitafuta karatasi niliyoianza na kujaribu kukumbuka nilikuwa nimekusudia kufanya nini. Ninapoanza kuchora, tayari nimeitwa. Jumamosi niliyoitenga humezwa na shughuli za nyumbani, na hata ikisalimika, nakaa mbele ya karatasi nikiwa nimechoka mno kuamua pa kuanzia. Usiku naperuzi simu mpaka usingizi unichukue. Mwenzangu hapingi, ila aliwahi kuniuliza kama picha hizi zitaleta chochote, na tangu siku hiyo kila ninaposhika brashi najiona kama ninayeiibia familia muda wake.

Je, niendelee kugombania vipande hivi, au niweke brashi chini hadi watoto wakue?

Mkaa na Karatasi

Ndugu Penseli Butu, kabla hatujahesabu saa, tueleze unatumia rangi gani na unachorea wapi.

Penseli Butu

Natumia akriliki, na nachorea kwenye meza ya chakula, ambayo lazima iwe tupu kila wakati wa kula.

Mkaa na Karatasi

Basi sehemu kubwa ya tatizo lako iko mezani, wala si kwenye kalenda. Akriliki hukauka upesi, na ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji, kwa hiyo kila unapokaa unalazimika kukamua rangi mpya, na kila unapoinuka unalazimika kuosha brashi papo hapo, la sivyo zimeharibika. Ni rangi nzuri kwa mtu mwenye mchana mzima. Rangi za mafuta zina kasoro iliyo kinyume chake: hubaki mbichi kwa siku kadhaa, jambo ambalo lingekufaa, lakini zinataka viyeyushi vyenye harufu kali na mahali pa kukaushia ambapo mikono midogo haifiki. Ukitaka kubaki na rangi, hamia rangi za maji za kisanduku, kwa sababu zikikauka ndani ya kisanduku huamshwa na brashi yenye maji, na hakuna kinachopotea ukiitwa ghafla.

Hata hivyo, ningekushauri uende mbali zaidi, yaani uigawe kazi yenyewe kulingana na ukubwa wa vipande ulivyo navyo. Mkono ni somo gumu, na ugumu wake hauko kwenye rangi. Uko katika namna kidole gumba kinavyojitenga na kiganja, na katika urefu wa vidole vinapokunjwa kuelekea kwa mtazamaji. Hayo yote hujifunzwa kwa penseli katika daftari dogo linalokaa mfukoni, na robo saa inatosha kuchora kiungo kimoja mara tatu. Kazi ya kupanga picha nzima na kuipaka rangi iwekee ile nafasi ndefu inayopatikana mara chache. Tena, kabla ya kufunga daftari andika pembezoni kinachofuata, kwa maneno machache tu, mathalani "kivuli chini ya kidole gumba bado", ili siku inayofuata uanze kwa kutekeleza na si kwa kuamua, maana mtu aliyechoka anaweza kutekeleza mengi lakini kuamua humshinda.

Bibi Msomaji

Mwanangu, mimi nalijibu lile swali la kungoja. Henri Rousseau alikuwa mkusanya ushuru mjini Paris, na aliacha kazi hiyo mwaka 1893 ili achore. Wengi huishia hapo na kusema, "Unaona, alianza uzeeni." Wanasahau kwamba alianza kuonesha picha zake katika maonesho ya Salon des Indépendants mwaka 1886, akiwa bado kazini. Alipostaafu mkono wake ulikuwa umekwisha zoea. Watoto watakua, hilo halina shaka, lakini mkono uliolazwa miaka kumi hauamki siku ile ile mlango unapofunguliwa.

Sauti ya Pili

Naheshimu maneno ya Bibi, ila tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Aleksandr Borodin alikuwa mkemia na mwalimu wa kemia aliyetunga muziki katika nafasi zilizobaki; opera yake ya Prince Igor aliianza mwaka 1869, na alipofariki mwaka 1887 ilikuwa bado haijakamilika, hata ikabidi watunzi wenzake, Rimsky-Korsakov na Glazunov, waimalizie. Vipande vya muda vina kikomo chake, na kazi kubwa inayoendeshwa kwa vipande peke yake inaweza kumzidi umri mwenye nayo. Wewe hujatuambia mfululizo wako una picha ngapi. Kama ni ishirini, punguza ziwe tano, kisha utaona.

Mlezi wa Zamu

Wote mmezunguka lile swali la mwenzake, nami naona ndilo zito kuliko yote. Ndugu yangu, aliuliza kama picha zitaleta chochote, nawe hukumjibu, ulinyamaza ukajihukumu. Huenda hakuwa anakulaumu. Huenda alitaka kujua tu, au yeye mwenyewe analo jambo alilolisitisha tangu watoto wazaliwe na hajapata mtu wa kumuuliza. Keti naye, mweleze kwamba picha hizi hazitaleta fedha, kama ndivyo ilivyo, kisha omba kitu kinachopimika: saa mbili, siku fulani, yeye akiwa na watoto na wewe usiitwe ila kwa dharura. Papo hapo mpe naye saa mbili zake, hata kama hajaziomba. Muda uliopewa waziwazi hauna haja ya kuibwa.

Kuhusu ule ushauri wa kuwapa watoto karatasi ili mchore pamoja, ambao najua kuna atakayeuleta: ni malezi mazuri, lakini usiuhesabu kuwa muda wako.

Mkufunzi

Nyongeza kuhusu simu ya usiku. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, tabia mpya ilichukua siku 66 kuzoeleka kwa mtu wa kati, yaani nusu ya watu walizoea mapema zaidi na nusu baadaye, ila tofauti baina ya watu ilianzia siku 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo huo. Tabia zilizopimwa zilikuwa nyepesi, kama kunywa maji au kula tunda, kwa hiyo usitarajie kuchora kuwe jambo la kujiendea lenyewe. Kinachoweza kuzoeleka ni kulifungua daftari. Lifungamanishe na tukio, wala si saa: watoto wakishalala, daftari kwanza, simu baadaye. Ukichora mstari mmoja ukasinzia, umetimiza.

Penseli Butu

Nawashukuru wote, Bibi, shikamoo. Nimezungumza na mwenzangu. Kumbe anatamani kurudi kwenye kwaya, na mazoezi ni jioni moja kwa wiki, hivyo tumebadilishana: jioni hiyo ni yake, Jumamosi asubuhi ni yangu. Picha nimezipunguza ziwe sita. Tano zimenishinda, kwa kuwa mkono unaofunga mzigo siuachi. Rangi za maji nimezikubali, ila zimeniletea jambo jipya: karatasi inajikunja ikilowa, na bado meza lazima iondolewe vitu kabla haijakauka. Nifanyeje?

Mkaa na Karatasi

Tafuta ubao mwepesi unaozidi karatasi kidogo kila upande. Bandika karatasi juu yake kwa utepe wa gundi kwenye kingo zote nne kabla hujaigusa kwa maji, na usiubandue hadi picha imalizike na kukauka kabisa. Meza ikihitajika unauhamisha ubao wote kama ulivyo, ukiwa umelala mpaka maji yanywewe, kisha unausimamisha nyuma ya kabati, uso wa picha ukielekea ukutani. Ukichukua karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kujikunja kutapungua sana.